Alabama na nyimbo zao 10: asante kwa mutumikaji, lakini saa zake ni ngapi?

Wandugu watumikaji, bamama wa mu kambi, vijana: lelo ukurasa wetu unapumuzika kidogo na mambo ya primu na ya kontra. Tutaongea juu ya muziki. Lakini mutaona, mbele ya kufika mwisho, mambo ya kontra yatarudi yenyewe. Mutu wa kazi hata akienda kucheza, saa ya kuingia posti inamufwata.

Diski yenyewe inaitwa Greatest Hits, ni kusema nyimbo zilizopendwa kuliko zingine. Wenye kuiimba ni orkestra Alabama, ya kule Marekani. Ilitoka mwaka 1986 kwa kampuni RCA, na iko na nyimbo 10 tu. Sisi wa Katanga tuko jirani na Zambia, na muziki wa country hauko mugeni kwetu. Redio za ngambo ya mupaka zilituzoeza zamani na sauti za Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton. Alabama nao walipita njia ileile: mu kaseti za mashofere wa kamyo, na sasa mu telefone za watoto wetu.

Ulizo langu ni hili: sababu gani diski ya watu wa milima ya Marekani, wenye kuimba Kingereza, inaingia mu nyumba ya muchimba shaba na inabakia? Ninaona sababu mbili. Ya kwanza: walichanganya muziki za namna nyingi mupaka hakuna mutu wa nyumba anayebakia inje. Ya pili: walimutaja mutumikaji kwa kazi yake na kumuambia asante. Ile ya kwanza ni tamu tu. Ile ya pili ni tamu, lakini iko na mwiba ndani, na njo mwiba ule ninataka tuutoe pamoja.

Watoto wa pamba na wa soksi

Fort Payne ni muji mudogo mu jimbo la Alabama, kando ya mulima unaoitwa Lookout. Mwisho wa miaka ya 1880, matajiri walitoka kaskazini ya Marekani na kukimbilia pale. Walisikia kama kuna makala ya mawe na mawe ya chuma chini ya udongo. Wakajenga viwanda na majumba, hata nyumba ya opera ya mwaka 1889. Kumbe, mali ya chini haikuwa mingi vile waliota. Miaka michache tu, feza ikakimbia, majumba yakabakia. Sisi watu wa miji ya madini, hadisi ile hatuna lazima ya kufasiriwa.

Kisha muji ule ukapata kazi ingine: kutengeneza soksi. Viwanda vya soksi vikawa vingi sana, mupaka watu wakaita Fort Payne muji mukuu wa soksi mu dunia.

Randy Owen na Teddy Gentry wanatoka pale, mu familia za wakulima wa pamba. Ni watoto wa ndugu, na walianza kuimba mu kanisa wakiwa bado wadogo. Jeff Cook ni ndugu yao wa mbali. Randy ni sauti ya mbele, Teddy anapiga gita ya bas, Jeff alikuwa anajua gita, violoni na piano. Mwaka 1973 wakaacha kwao, wakaenda Myrtle Beach, muji wa kando ya bahari mu South Carolina. Wakapata fasi mu bare moja inaitwa The Bowery. Waliimba usiku sita kwa juma moja, na walikuwa wanaishi kwa matabishi ya wenye kunywa. Hii ilidumu miaka karibu saba.

Tusimame hapa kidogo, sababu hapa njo siri ya muziki yao. Mutu anayekula kwa matabishi hachagui. Meza ya kwanza inaomba country ya zamani, meza ya pili inaomba rock, kule nyuma mume na bibi yake wanataka wimbo wa polepole wa kucheza wakishikana. Ukikataa mumoja, umepoteza chakula cha usiku ule. Wale vijana walijifunza kuimbia bare nzima kwa mara moja. Maprofesa wa muziki wanaweza kuandika vitabu juu ya namna Alabama walichanganya country na rock. Mimi ninaona ni njaa iliwafundisha, sawa vile mama wa soko anajua kuuza samaki, chumvi na sabuni pa meza moja.

Wakati ule walikuwa wanaitwa Wildcountry. Mwaka 1977 wakabadili jina, wakashika lile la jimbo lao. Mwaka 1979 Mark Herndon akaingia na batri. Mwaka 1980 RCA ikawasainisha kontra. Kutoka pale barabara ikafunguka. Kati ya 1980 na 1987, ukiacha wimbo wao wa Noeli, nyimbo zao 21 zilifwatana ku namba ya kwanza ya liste ya country ya Marekani. Chama cha muziki wa country kiliwapa zawadi yake kubwa ya mwaka mara tatu: 1982, 1983 na 1984.

Nyungu moja, mboga za namna nyingi

Kwa vijana wasiojua: country ni muziki ya watu wa mashamba na wa milima ya kusini ya Marekani. Mu country utasikia violoni, gita, na banjo. Ile banjo, mutu asikudanganye, mizizi yake iko Afrika. Ni watu weusi waliouzwa utumwani waliopeleka ngambo namna ile ya kutengeneza chombo cha kibuyu, ngozi na nyuzi. Basi hata mu muziki tunaosema ni ya wazungu tupu, kuna mukono wa babu zetu.

Alabama walishika ile country, wakaongeza gita ya umeme na batri yenye nguvu ya rock, wakaongeza sauti tatu zenye kupandana sawa mu kwaya ya kanisa, kisha wakamwangia juu yake ule utamu wa nyimbo za redio za muji mukubwa. Kulikuwa na wazee wapenzi wa country waliokasirika. Walisema hii si country tena, ni kelele ya vijana wenye nywele ndefu. Lakini watu wakanunua, wakacheza, na kesi ikaisha.

Kuna jambo lingine lenye sisi Wakongomani tunalisikia mbio kuliko wengine. Mu Nashville, muji mukuu wa country, desturi ilikuwa mwimbaji mumoja mwenye jina kubwa, na nyuma yake wapigaji wa kulipwa wasiojulikana. Alabama walikuja sawa orkestra, watu wa kikundi, jina la kikundi. Kwetu ile si ajabu. Tulikomaa na African Jazz, na OK Jazz ya Franco. Tunajua utamu wa sauti moja kuita na zingine kuitika.

Na tunajua sebene. Sikiliza wimbo wao « Tennessee River ». Unaanza polepole, mutu anakumbuka muto wa kwao na milima fasi alizaliwa. Kisha mwishoni violoni inashika mbio, vyombo vyote vinaifwata, na mutu aliyeketi anatafuta viatu. « Mountain Music » inafanya vilevile. Walifika ku jambo moja na wapigaji wetu bila kuwaonaka: wimbo wa kazi mbili, kwanza kuongea na moyo, kisha kuamusha miguu. Njo maana mutoto wa hapa asiyejua Kingereza hata neno moja anaweza kucheza Alabama bila kufundishwa.

Na kuchanganya si zambi. Mwenda Jean Bosco, mutoto wa Bunkeya, alipigaka gita yake pale Jadotville, lelo Likasi. Muzungu mumoja mwenye kukusanya nyimbo, Hugh Tracey, alirekodi sauti yake mu 1952, na gita ile ikajulikana mupaka ngambo. Kidole kimoja kilikuwa kinapiga kijiji, kingine kilikuwa kinapiga muji wa madini. Muji wa madini ni fasi ya kuchanganya. Watu wanatoka pande zote, kila mutu na wimbo wake, na jioni wako na kiwanja kimoja tu.

Nyimbo 10, nyumba moja

Sasa tuingie mu diski yenyewe. Orkestra yenye nyimbo mingi za namba ya kwanza inapashwa kuchagua, na kuchagua ni kuacha. Alabama waliacha nyimbo kubwa inje. « Roll On », wimbo wa shofere wa kamyo aliyepotea mu teluji huku bibi na watoto wanangojea habari ku telefone, haumo mu diski hii. Wenzetu wa barabara ya Kasumbalesa wangeupenda sana. Lakini zile 10 zilizobakia zilipangwa kwa akili, sababu nyumba nzima iko ndani.

Baba na mama wako mule. « She and I », uliokuwa mupya mu mwaka ule, ni mume anayejivuna juu ya bibi yake na namna wanaishi sawa mutu mumoja. « Feels So Right » ni wimbo wa usiku, polepole, watoto wakiisha kulala. « Why Lady Why » ni mwanaume anayejiuliza kwa nini moyo wake unashikwa na mwanamuke yule. Wivu nao uko: « Old Flame » ni mutu anayeona mu macho ya mupenzi wake moto wa zamani, wa mwanaume mwingine, bado haujazimika. Na kuchekesha kuko: « Love in the First Degree » inaongea mapendo kwa maneno ya kortini, mutu amekamatwa na hakuna avoka wa kumutoa.

Wazee wako mule. « Mountain Music » inaanza na sauti ya muzee, kisha inakumbusha maisha ya kijiji, kuogelea mu muto na kupanda miti. « Tennessee River » nimekwisha kuitaja. Na « My Home's in Alabama » ni mutu aliyeenda mbali kutafuta maisha na gita yake, lakini roho yake inabakia kwao. Sisi ambao babu zetu walitoka Kasai, Maniema, Luapula, hata Rwanda, kuja kutumika mu shaba, ule wimbo tunausikia mu mifupa. Kila kambi ya zamani ilijengwa na watu waliosema « nitarudi kwetu » mupaka siku ya kuzikwa.

Vijana wako mule, juu ya gita na mbio. Na mu « The Fans » orkestra inageuka kuangalia watu waliowafwata, na kuwashukuru. Wale walioishi kwa matabishi wanajua nani aliwalisha.

Njo maana diski inapendwa. Zamani mu nyumba kulikuwa na redio moja. Mushahara wa mutumikaji ulikuwa unanunua kaseti moja, si kumi. Ile moja ilipashwa kutosha kwa baba, mama, nyanya na watoto bila vita. Diski ya nyimbo za kuchagua ni sawa posho ya zamani: mufuko mumoja, lakini ndani kuna unga, mafuta, chumvi na samaki. Leo watoto wanasikiliza kila mutu na waya yake mu masikio. Hawajui tena ile furaha ya nyumba nzima kungojea wimbo mumoja.

Wimbo wa saa 40

Nimeacha wimbo mumoja kwa makusudi. Unaitwa « 40 Hour Week », juma la kazi la saa 40. Uliandikwa na Dave Loggins, Don Schlitz na Lisa Silver, na mu 1985 ulifika ku namba ya kwanza. Unasalimia watumikaji na kuwataja kwa kazi yao: mutu wa kiwanda cha motokari mu Detroit, mutu wa chuma mu Pittsburgh, mukulima wa ngano mu Kansas, muchimba makala ya mawe mu West Virginia. Kisha unashuka kwa wale wasioonekanaka: mwanamuke anayeleta chakula mu restora, mekanisie, polisi anayetembea usiku. Wote wanaambiwa asante kwa kazi wanayofanya. Mwishoni gita inapiga musiki wa wimbo mumoja wa kusifu inchi yao.

Fikirieni, wandugu. Ni nyimbo ngapi zinazotaja muchimba madini kwa heshima? Mu nyimbo za mapendo, mwenye feza ni patro, kadre, ao mutu wa Ulaya. Sisi tunatajwa siku mugodi unaanguka. Kusikia kazi yako mu redio, na sauti nzuri inasema « ninyi njo munaosimamisha inchi », ile inainua kichwa. Musicheke mutu anayetokwa machozi juu ya wimbo ule.

Siku moja nilifasiria wimbo huu mbele ya watumikaji wenzangu, kisha ya mukutano. Vijana wakapiga mikono. Muzee mumoja wa chini ya mugodi, aliyebakiza miezi michache ya kazi, akaniangalia, akasema: « Delege, ni wimbo muzuri. Lakini asante haijazi sufuria. » Watu wakacheka. Mimi nilirudi nyumbani nikiwaza. Muzee alikuwa ametoa mwiba na vidole viwili.

Sababu angalieni ule mwaka. Mu 1981 Rais Reagan alifukuza watumikaji zaidi ya 11 000 wanaoongoza ndege, sababu waligoma. Mu 1984 na 1985, wakati wimbo unapanda mu redio, wachimba makala ya mawe wa West Virginia na Kentucky walikuwa inje, mu mugomo murefu na kampuni A.T. Massey. Na mu 1986, mwaka diski ilitoka, kiwanda cha chuma cha Homestead, kando ya Pittsburgh, kilifungwa. Kilikuwa kimepita miaka zaidi ya mia moja. Ni kusema mutu wa chuma alisikia asante mu redio asubui, na mangaribi aliona cheni ku mulango wa kiwanda. Wimbo haukusema neno juu ya ile. Wimbo unashukuru, hauulizi.

Hapa kwetu tusijione tofauti. Ule mwaka 1986, Gécamines ilitoa tone karibu 476 000 za shaba, na haijafika tena pale. Watumikaji waliimbiwa sifa nyingi. Mu 1990 mugodi wa Kamoto ukaanguka. Mu 2003 watumikaji zaidi ya 10 000 wakaingia mu mupango wa kuondoka kazini, ule ulioitwa wa kupenda mwenyewe. Wenye kuishi ile hadisi wako bado mu kambi zetu, na wanajua bei ya sifa.

Sasa ile hesabu ya saa 40, ilitoka wapi? Haikutoka kwa mwimbaji. Tarehe 1 Mei 1886, miaka mia moja kamili mbele ya diski hii, watumikaji wa Chicago na wa miji mingine waligoma kwa kuomba saa 8 za kazi kwa siku. Watu walikufa pale, na mu 1887 viongozi wane walinyongwa. Njo mwanzo wa sikukuu yetu ya Mei mosi. Mu 1938 Rais Roosevelt alisaini sheria ya saa za kazi, na kutoka 1940 hesabu ikawa saa 40 kwa juma. Anayepitisha pale analipwa kila saa moja na nusu yake juu. Ukiimba jina la wimbo ule, unaimba vita ya miaka zaidi ya 50, hata kama mwimbaji hajasema.

Na sisi? Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002, mu kifungu cha 119, inasema saa za kazi hazipashwi kupita 45 kwa juma na 9 kwa siku. Kinachopita kinalipwa kwa nyongeza. Mutu wa posti ya saa 12, siku tano, amefanya saa 60. Saa 15 ziko juu ya zile 45. Muulizeni: zile 15 ziko mu karatasi yake ya mushahara? Wengi hawajui. Wanajua tu kama wanarudi usiku, watoto wamelala, na wanaondoka asubui, watoto bado wamelala.

Mupigaji wa ine

Kuna jambo lingine mu hadisi ya Alabama lenye mutu wa sindika hawezi kupita bila kuliona. Ku picha za orkestra utaona watu wane. Lakini mu studio, mara nyingi batri ilipigwa na watu wengine, wapigaji wa kukodiwa wa Nashville. Ile ilikuwa desturi ya kampuni za diski. Mark Herndon alikuwa mu picha na mbele ya watu, lakini hakuwa na fungu moja na wale ndugu watatu. Mu 2008, orkestra ikiisha kuagana na watu, wale watatu walimupeleka kortini juu ya feza waliyosema alilipwa zaidi.

Siko juji wa kesi ile. Ninasema tu: hata mu orkestra nzuri yenye kuimbia watumikaji asante, kuna mwenye fungu na kuna mwenye kulipwa. Kuna mwenye sura ku picha, na kuna mwenye mukono ku kazi asiyeonekana. Mu mugodi wetu vilevile. Ku picha ya mwisho wa mwaka tuko wote na kaske moja. Lakini mumoja iko na kontra ya kampuni, mwingine iko wa kampuni ya kukodisha watu, na mushahara wao hauko ndugu, hata kama wanashika mashini moja.

Hii haiharibu muziki. Sauti zile tatu ni nzuri, na zitabakia nzuri. Mu 2005 waliingizwa mu nyumba ya heshima ya muziki wa country. Jeff Cook, aliyekuwa na ugonjwa wa Parkinson wenye kutetemesha mikono, alikufa mwezi wa Novemba 2022. Mupiga violoni kukataliwa na mikono yake, ile wachimba madini wanaielewa. Kati yetu kuna wengi walioacha kazi juu ya mugongo, mapafu ao masikio.

Namna ya kuisikiliza

Kama muko na diski hii, ao mutoto anaweza kuitafuta mu telefone, muisikilize pamoja, siku ya mapumuziko, sauti ikitoka inje kwa watu wote. Mupe nyanya « Mountain Music », na mumufasirie. Mama na baba wacheze « Feels So Right » bila haya. Vijana wangoje mwisho wa « Tennessee River », wataona sebene ya watu wa pamba. Muwaambie watoto kama orkestra hii ilikula matabishi miaka karibu saba mbele ya kujulikana, na haikukatika.

Mukifika ku « 40 Hour Week », muipige mara mbili. Mara ya kwanza, mupokee asante ile, sababu ni yenu. Mutu wa Marekani aliitaja kazi ya chini ya udongo na heshima, na heshima haikataliwi.

Mara ya pili, mulete karatasi ya mushahara pa meza na kalamu. Mwandike saa za kila siku ya juma lililopita: saa ya kuingia, saa ya kutoka. Mutoto anayesoma afanye hesabu, bibi aangalie. Kama jumla inapita 45 na karatasi haisemi kitu, mubebe zote mbili kwa delege wenu. Mutu mumoja akija na karatasi, wanamuita mutu wa matata. Mia moja wakija na karatasi mia moja, wanaitwa mazungumuzo.